Maneno Yaliyoshonwa Pindoni

Tumbo likinguruma kwa njaa, kitu hicho kina jina. Mimi sikuomba kulijua. Nilikuwa nimeinamia tundu la kifungo, saa saba mchana imepita, sijatia kitu mdomoni tangu asubuhi, tumbo likanguruma mbele ya mteja. Mtu mwingine angejitia hamnazo. Wifi yangu akatoa pini mdomoni, uso umemng'aa, akatangaza, "Borborygmus!" Mteja akadhani ni ugonjwa, akasogeza kiti chake mpaka mlangoni.

Basi hivyo ndivyo nilivyoishi na huyu mwanamke miaka ishirini na miwili. Ni dada mkubwa wa mume wangu, na mtaa mzima unamwita Fundi, utadhani mafundi wengine wote wamekufa. Nilipoolewa sikujua hata kutunga uzi kwenye sindano. Wiki ya pili tu akanikalisha kwenye kigoda upande wake wa kushoto, akanipa kazi ya matundu ya vifungo, na hapo nipo mpaka leo.

Chumba chetu ni kimoja, mlango unatazama barabara. Kuna cherehani mbili, meza ya kukatia, kioo kirefu chenye ufa unaompitia kila mtu tumboni, na pazia la kona wanakovalia wateja. Na kuna kamusi. Hiyo kamusi ilikuja bila kualikwa, chini ya furushi la vipande vya vitambaa ambavyo duka moja lilikuwa linavitupa kwa kuwa linafungwa. Ni ya Kiingereza kwa Kiingereza, nene kama tofali, haina jalada. Fundi aliifurahia kwa sababu ya uzito wake. Akawa anaiweka juu ya karatasi za vielelezo zisipeperushwe na feni. Siku moja feni ikafunua ukurasa, naye akachungulia. Aliniambia mwenyewe kwamba siku hiyo aliunguza kola ya shati la watu, maana pasi aliiacha pale pale.

Mtu asiyemjua angeuliza, huyu Kiingereza alikitoa wapi? Alikitoa darasa la sita, maana hakwenda la saba. Baba yao alifariki, yeye ndiye mkubwa, mama akaumwa macho, cherehani ikawa haina mtu. Akatolewa shule akiwa wa kwanza darasani. Hilo la kuwa wa kwanza hakunisimulia yeye, nililisikia kwa mume wangu. Mume wangu anasema dada yake alikuwa akirudi jioni anawapanga wadogo zake kizingitini, anawafundisha kila alichofundishwa siku hiyo, rula mkononi. Mpaka leo ukimuuliza mume wangu saba mara nane anajibu huku ameficha vidole. Alitaka kuwa mwalimu. Hakutaka kitu kingine chochote hapa duniani, na hakukipata.

Kwa hiyo akakamata kamusi. Kila asubuhi kabla ya kufungua mlango, neno moja, analiandika kwa chaki ya kushonea ubavuni mwa kabati. Na sheria yake ilikuwa hii: neno si lako mpaka ulitumie kwa watu watatu kabla ya kufunga kazi. Wa kwanza wa hao watatu, bila shaka mmeshakisia, alikuwa mimi. Siku uzi uliponikatikia mara tano mfululizo nikaanza kuitukana cherehani, akasema bila kuinua kichwa, "Wifi, usije ukafanya defenestration." Eti ni kitendo cha kutupa mtu au kitu nje dirishani. Nikamwambia nikianza kutupa sitaanza na cherehani, nitaanza na yeye. Akacheka mpaka akajichoma sindano.

Nilikuwa namcheka, sikatai. Lakini kuna siku mvua ya kwanza ilinyesha baada ya miezi ya vumbi. Akasimamisha cherehani, akanishika mkono, akanitoa nje kizingitini pamoja na mteja aliyekuwa na pini mwili mzima. "Nuseni," akasema. Tukanusa. "Hiyo harufu ya udongo mkavu ukipigwa na mvua inaitwa petrichor." Nilitoka nimekasirika, nina kazi za watu mkononi. Nikanusa tena. Jamani, harufu ile nimeijua tangu nikiwa mtoto, na haikuwahi kunipitia kichwani kwamba mahali fulani kuna mtu aliyehangaika kuitafutia jina. Nilimpenda sana wifi yangu siku ile. Sikumwambia, angevimba kichwa.

Sasa, kazini aliniamini kwa kila kitu isipokuwa pindo. Nikate bitana, sawa. Niunge mikono, sawa. Nguo ikifika pindo la mwisho ananinyang'anya. "Pindo ni langu," anasema, kisha anaupa mlango mgongo na kulifunga kwa mkono, polepole, pua karibu iguse kitambaa. Nilidhani ni maringo ya ufundi, nikamwachia maringo yake.

Mwaka huu Mwalimu Mkuu wa shule ya wasichana hapo juu alikuja mwenyewe kwa miguu. Mwalimu Mkuu ni mama mrefu, miwani minene, hacheki, na akipita barabarani hata watu wazima wanachomekea mashati. Akasimama katikati ya chumba akasema shule imepata cherehani kumi na chumba cha kushonea, na anataka mtu wa kuwafundisha wasichana. "Wenye vyeti nimewaona," akasema. "Hawajui kukunja kola. Kamati imeniachia niamue mimi. Utaweza?"

Fundi alijibu "ndiyo" kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Mgeni alipotoka alikaa kitako juu ya furushi la nguo za watu, pini zikamwagika sakafuni, akashindwa kuziokota. Ana miaka hamsini na minne. Nikaziokota mimi. Ilikuwa bado wiki mbili darasa lianze, na katika wiki hizo mbili alikata nguo mbili: suti ya kijivu ya Mwalimu Mkuu, koti na sketi, na gauni lake mwenyewe la bluu iliyoiva, la kufundishia. Ya Mwalimu Mkuu aliimaliza akaipeleka. Gauni lake akalitundika kwenye msumari nyuma ya pazia, limebaki pindo.

Ndipo msusi wa mlango wa pili alipoamua kujirefushia gauni mwenyewe.

Huyu msusi ni mtu mzuri, ila mdomo wake hauna breki. Alifumua pindo la gauni tulilomshonea zamani, na ndani, kwa uzi wa rangi ile ile ya kitambaa, akakuta herufi ndogo ndogo zimetariziwa. Akajaribu kuzisoma, hazisomeki. Akatupa gauni sakafuni akatoka mbio, kichwa cha mteja kimesukwa nusu. "Nimefungwa! Fundi amenitilia hirizi! Ndiyo maana sipati mchumba!"

Saa hiyo ilikuwa tatu asubuhi. Kufika saa sita, mtaa mzima umekaa vibarazani na nyembe unafumua mapindo. Na kila aliyefumua alikuta. Blauzi ya huyu, kanzu ya yule, sare ya mlinzi wa benki. Fundi wa baiskeli alirudisha suruali yake akiwa ameining'iniza kwenye kijiti, mkono kaunyoosha mbali, akaitua kizingitini kwetu na kijiti chake akakiacha.

Nikafunga mlango. Nilikuwa na hasira, nasema kweli. "Wifi, ni nini hiki?"

Hakunificha. Akavuta droo ya cherehani, akatoa daftari nene lenye pembe zilizokatika. Ndani kuna kila mtu aliyewahi kumshonea. Tarehe, nguo, neno, maana ya neno, na kwa nini amempa mtu yule neno lile. Kurasa na kurasa, mwandiko wa darasa la sita, umenyooka kama mshono.

"Kwa nini usiwaambie tu?"

"Mtu ukimwambia neno zuri usoni, anakuuliza unataka nini," akasema. "Ukimshonea, analivaa."

Nikauliza lililokuwa linanichoma. "Na mimi? Ulinishonea lipi?"

Akafungua ukurasa wenye jina langu. Ukurasa mzima ni maneno yaliyokatwa kwa mstari, moja chini ya jingine, miaka ishirini na miwili. "Wewe bado," akasema. "Kila nikilipata halikutoshi." Haki ya nani, nilitaka kulia na nilitaka kumpiga kwa futi yake, yote mawili kwa pamoja.

Jioni ile ile ikaja karatasi kutoka shuleni. Mwalimu Mkuu amesikia, na sketi yake ameifumua. Fundi afike ofisini kesho, Ijumaa, saa nne, aeleze. Darasa lilikuwa lianze Jumatatu.

"Ulimwandikia nini Mwalimu Mkuu?" nikauliza.

"Callipygian."

"Ndiyo nini?"

Akainama akashika chaki, akaigeuza geuza. "Mtu mwenye makalio ya kupendeza."

Nilipiga ukelele mpaka msusi akagonga ukuta. "Mungu wangu! Umemwandikia Mwalimu Mkuu makalio?"

"Ya kupendeza," akanisahihisha. "Nimepima watu miaka arobaini, wifi. Nimeyaona ya kila aina. Yule mama watu wanamwona miwani na fimbo tu, na nina hakika hakuna aliyewahi kumwambia. Ukweli ni ukweli."

Nilimbembeleza usiku kucha. Nikamwambia adanganye, aseme maana yake ni kiongozi, au mwenye hekima, nani atajua? Kamusi tutaiacha nyumbani. Umeingoja kazi hii tangu darasa la sita, nikamwambia, usije ukaipoteza kwa ajili ya makalio ya mtu. Yeye akachukua pindo la mtu akaendelea kushona, na akifanya hivyo ujue umepoteza pumzi yako.

Ofisi ya Mwalimu Mkuu ina meza kubwa, kengele ya shaba, na kabati la vikombe vya michezo. Juu ya meza ilikuwa ile sketi ya kijivu, imegeuzwa ndani nje, pindo limefumuliwa shibiri moja. Kando yake kuna kamusi ndogo ya shule, ile ya wanafunzi. Tulikalishwa kwenye viti viwili vya mbao vinavyofanya mtu ajihisi amechelewa shule.

"Nimelitafuta humu," akasema Mwalimu Mkuu, kidole juu ya kamusi ndogo. "Halimo."

Hajui! Nikaona mlango umefunguliwa wazi, ni kuingia tu. Nikamfinya Fundi paja.

"Msusi anasema ni uchawi," akaendelea. "Mimi siamini uchawi. Lakini siwezi kumkabidhi wasichana wangu mtu anayeficha vitu kwenye nguo za watu. Nitauliza mara moja, na jibu lako ndilo litakaloamua Jumatatu. Neno hili maana yake nini?"

Fundi akafungua mdomo. Nikamuwahi. "Kiongozi!" nikasema, sauti yangu ikatoka nyembamba kama ya kuku. "Maana yake kiongozi, Mwalimu. Kiongozi mkubwa."

Mwalimu Mkuu akanitazama. Kisha akamtazama Fundi. Nilimfinya tena, safari hii kwa kucha.

"Hapana," akasema Fundi. "Wifi yangu ananipenda, ndiyo maana anadanganya. Neno hilo maana yake ni mwanamke mwenye makalio ya kupendeza. Nilikuandikia kwa sababu ni kweli, Mwalimu. Maana ya neno sijawahi kumdanganya mtu, na nikianza leo sitakuwa na cha kuwafundisha hao wasichana."

Mimi nilitazama sakafu nikahesabu vigae, na nikaanza kupanga nitakavyomfariji njiani.

"Daftari," akasema Mwalimu Mkuu, ameuona ukingo wake ukitokeza kwenye mkoba. Fundi akampa.

Akalisoma. Hakusoma kwa kupekua, alisoma kama anasahihisha mitihani, ukurasa baada ya ukurasa. Kwa msusi alisimama. "Loquacious," akasoma kwa sauti. "Mpenda kuzungumza. Akifunga duka, mtaa unapoa." Ukingo wa mdomo wake ukacheza kidogo, akaurudisha mahali pake. Akaendelea kufunua. Akafika ukurasa wa zamani, karatasi imegeuka rangi ya chai, na hapo hakufunua tena.

Nilijua baadaye ameona nini, maana Fundi alinionyesha. Mama mzazi wa Mwalimu Mkuu tuliwahi kumshonea gauni, miaka mingi kabla hajafariki. Fundi alikuwa ameandika: "Susurrus. Ni ile sauti ndogo ya majani yakiguswa na upepo. Tangu alipougua koo mama huyu anazungumza hivyo, na akizungumza chumba kizima kinanyamaza ili kisipitwe."

Mwalimu Mkuu akavua miwani. Sikuwahi kumwona bila miwani, ana macho ya mtu mwingine kabisa. Akayafuta kwa kiganja, waziwazi, mbele yetu.

"Gauni hilo ninalo," akasema. "Liko kabatini kwangu. Nilikuwa nimeanza kuisahau sauti yake."

Akafunga daftari, akaliweka mezani taratibu, akavaa miwani, akawa Mwalimu Mkuu tena. Akaikunja ile sketi akamsukumia Fundi.

"Irudishie pindo lake," akasema.

"Nilitoe neno?"

"Nimesema pindo lirudi kama lilivyokuwa." Akatazama dirishani. "Jumatatu saa mbili kamili. Uje na kamusi yako, yangu haifai. Na kuanzia leo, mtu ukimshonea neno, umwambie."

Tulipofika getini nikakaa juu ya jiwe nikalia kama mtoto. Fundi alisimama pembeni ananipepea na sketi ya Mwalimu Mkuu.

Habari ilifika mtaani kabla yetu, sijui kwa njia gani. Jumamosi walijaa mlangoni, kila mtu anataka kusomewa la kwake. Msusi aliposomewa lake hakukasirika hata kidogo, alisimama kizingitini saa nzima anawaeleza wapita njia maana yake. Fundi wa baiskeli alikuwa sedulous, mtu wa bidii isiyochoka, aliyewahi kukaa siku mbili akitafuta tundu moja kwenye mpira wa baiskeli ya mtoto wa jirani. Aliichukua suruali yake kwa mikono miwili, akaikunja vizuri, akauliza kama tunaweza kulirudisha pindo siku hiyo hiyo. Tukawa na foleni ya mapindo mpaka kesho yake.

Jumapili alasiri Fundi alikuwa bado na sketi ya Mwalimu Mkuu mapajani na rundo la nguo za watu miguuni. Akanyoosha kidole kwenye msumari nyuma ya pazia.

"Wifi," akasema. "Gauni langu nifungie pindo wewe."

Miaka ishirini na miwili! Niliogopa asije akabadili nia. Nikalichukua gauni la bluu, nikaupa mlango mgongo kama yeye. Kamusi ilikuwa karibu, nikaifungua nikachungulia maneno yale marefu, macho yakaniuma, nikaifunga. Kiingereza mimi sikijui na sitajifunza leo. Nikatunga uzi wa bluu nikashona neno ninalolijua. Mkono wangu ni wa matundu ya vifungo, haujazoea herufi. Nilifumua mara mbili nikarudia.

Asubuhi ya Jumatatu nilimsindikiza mpaka mlangoni mwa darasa, kamusi nimeibeba mimi. Ndani wasichana walikuwa wamesimama nyuma ya cherehani zao wakingoja. Fundi akashusha pumzi, akainama akapitisha kidole gumba kwenye pindo la gauni lake kama anavyofanya kwa kila nguo inayotoka kwetu. Kidole kikasimama. Akaligeuza pindo, akalisogeza karibu na macho, akasoma: Mwalimu.

Alisoma kwa muda mrefu kuliko urefu wa neno lenyewe.

"Wifi," akasema, "hii L yako imelala."

"Basi ifumue," nikamwambia.

Akaliachia pindo, akalinyoosha kwa kiganja, akachukua kamusi mikononi mwangu, akaingia darasani.